Isogezwe Mita Ngapi? Mitambo ya Upepo Baharini na Urithi Uliolala Chini Yake

Baada ya ripoti za mamia ya kurasa na vikao vya miaka miwili mitatu, mhandisi anayepanga mitambo ya upepo baharini hubaki na swali moja kwa mwanaakiolojia: nguzo hii niisogeze mita ngapi? Hahitaji hotuba juu ya thamani ya historia. Anahitaji namba ya kuingiza kwenye mchoro, kwa sababu nguzo moja ikihama, kebo yake inahama, na nguzo jirani nayo huenda ikalazimika kuhama ili zisizibiane upepo.

Namba hiyo hupatikanaje? Nitasema mapema ninachoamini. Kwa meli zilizozama, namba inaweza kutolewa, na mara nyingi ni namba nzuri. Kwa ardhi iliyozama, yaani nchi kavu ya kale ambayo leo ni sakafu ya bahari, hata mahali pa kuanzia kupima hapajulikani. Tathmini nyingi za athari za miradi hii huandikwa kana kwamba mambo haya mawili ni jambo moja.

Hakuna mahali kazi hii imefanywa kwa wingi kama Bahari ya Kaskazini, ile iliyo kati ya Uingereza, Uholanzi, Ujerumani, Denmark na Norway. Ni bahari ya kina kifupi, upepo wake hausiti, na nchi zinazoizunguka zina fedha. Wadenmark ndio walioanza, ingawa upande wa Baltiki: mwaka 1991, karibu na ufuko wa Vindeby, walisimamisha mitambo 11 midogo, shamba la kwanza duniani la upepo baharini. Leo mradi wa Dogger Bank wa Uingereza umepangiwa mitambo 277 yenye uwezo wa gigawati 3.6, zaidi ya kilomita 130 kutoka pwani ya Yorkshire. Umeme wake wa kwanza ulifika nchi kavu Oktoba 2023. Ndani ya miongo mitatu ujenzi umetoka ufukweni na kuingia katikati ya bahari iliyosafiriwa, kuvuliwa na kupiganiwa kwa karne nyingi.

Kinachoguswa hasa

Watu wengi wakisikia habari ya mitambo hii hufikiria nguzo. Nguzo kweli ni kubwa: bomba la chuma lenye kipenyo cha mita 8 au zaidi, linalopigiliwa makumi ya mita ndani ya sakafu ya bahari. Chochote kilichokuwa pale kimekwisha. Lakini ukiangalia eneo, nguzo ni nukta tu. Kebo ndiyo inayopita kila mahali, kutoka mtambo hadi mtambo, kisha hadi kituo cha kukusanyia umeme, kisha kilomita makumi au zaidi ya mia hadi pwani. Huzikwa kwa jembe maalumu au kwa maji ya shinikizo yanayolainisha mchanga. Kabla ya kuzikwa, njia yake husafishwa: mawe makubwa husukumwa pembeni, matuta ya mchanga hukwanguliwa, mabomu ya vita kuu mbili huondolewa au hulipuliwa palepale. Halafu kuna meli za ujenzi zinazosimama kwa miguu ya chuma, na kila zinaposimama miguu hiyo huzama ardhini kwa uzito wa meli nzima. Mwanaakiolojia asiyeuliza miguu itasimama wapi ameacha nusu ya kazi.

Hayo ni madhara ya moja kwa moja. Yapo yanayokuja polepole. Mkondo ukigonga nguzo hujizungusha na kuchota mchanga kwenye kitako chake. Wahandisi hukadiria kwamba shimo linaweza kufikia kina cha mara 1.3 ya kipenyo cha nguzo, kwa hiyo nguzo ya mita 8 inaweza kuchimbiwa shimo la mita 10 hivi isipowekewa mawe ya kuilinda. Mchanga ukihama hapa unarundikana pale. Mabaki ya meli yaliyokuwa yamefunikwa kwa miaka 300 yanaweza kujikuta uchi, na mengine yaliyokuwa wazi yakafukiwa.

Kwa meli ya mbao, kufunuliwa ni hukumu ya kifo. Yule mdudu atoboaye mbao, ambaye mafundi wetu wa majahazi wamempakia deheni tangu enzi na enzi, yupo pia katika Bahari ya Kaskazini, na ubao uliotoka kwenye tope lisilo na hewa ni karamu kwake. Bahari ya Baltiki ina chumvi kidogo mno kwa mdudu huyo kustawi. Ndiyo sababu manowari ya Vasa, iliyozama Stockholm mwaka 1628, ilipoinuliwa mwaka 1961 ilikuwa karibu nzima. Kwa hiyo mradi ule ule, ukijengwa kwa mtindo ule ule, una uzito tofauti kulingana na bahari uliomo.

Yapo na mema. Nyavu za kukokota, zile nzito zinazolimwa sakafuni na meli za uvuvi, zimevunja mabaki mengi ya meli kuliko pengine mradi wowote wa nishati. Mahali ambapo mitambo ya upepo imezuia uvuvi huo, mabaki yaliyo kati ya nguzo hupumzika. Hili huandikwa kwa haraka sana kwenye ripoti za makampuni, na wanaakiolojia huliruka kwa haraka ile ile.

Kutafuta kisichoonekana

Kazi huanzia mezani. Orodha za meli zilizopotea, ramani za majini za zamani, magazeti, kumbukumbu za jeshi, na wavuvi. Nahodha wa meli ya uvuvi anajua kila mahali nyavu zake zilipowahi kunasa, na sehemu hizo mara nyingi ndizo zenye kitu. Sehemu hii ya tathmini ni rahisi na yenye faida kubwa, lakini ina kasoro ya kuzaliwa nayo: kumbukumbu zipo kwa wingi kwa meli za karne mbili tatu za mwisho. Mashua ya mwaka 900 haikuandikwa na mtu.

Kisha vyombo huingia baharini. Sona ya pembeni hutoa picha ya sakafu kwa mwangwi wa sauti, na vivuli vyake humwonyesha mtaalamu kitu kimesimama kwa urefu gani. Kipimo cha kina kinachotuma miale mingi ya sauti kwa mpigo mmoja hutengeneza umbo la sakafu yenyewe. Chombo cha tatu hutuma sauti nzito zaidi inayopenya ardhini na kurudi na tabaka za udongo. Cha nne, magnetomita, hunusa chuma.

Hiki cha nne kinafaa kutazamwa kwa karibu, maana ndicho kinachoonyesha jinsi fedha zinavyoamua kitakachoonekana. Magnetomita huvutwa kwa kamba nyuma ya meli, mstari baada ya mstari, kama mtu anayefyeka shamba. Nguvu ya dalili yake hupungua kwa mchemraba wa umbali: ukiwa mbali mara mbili, dalili inabaki sehemu moja ya nane. Basi meli ikiacha mita 100 kati ya mstari na mstari, nanga au mzinga uliolala katikati unaweza kupita bila kunuswa kabisa. Ukitaka mistari isogeleane unaongeza siku za meli, na siku za meli ni fedha nyingi. Ile meli ya mbao isiyo na chuma cha maana, iliyofukiwa kwenye tope, inaweza kukwepa vyombo vyote vinne.

Upimaji wenye mistari iliyokaribiana kuliko yote ni ule wa kutafuta mabomu, na huo hufanywa mwishoni, kibali kikiwa kimeshatoka na ujenzi ukiwa umekaribia. Yaani data nzuri kuliko zote huja baada ya uamuzi. Tathmini ya Athari kwa Mazingira iliyosomwa na wenye mamlaka ilitumia data pungufu. Mfumo wa Uingereza umejaribu kuziba pengo hili kwa kuweka sharti ndani ya kibali: kampuni iwe na mpango wa kiakiolojia ulioandikwa, na kila data mpya ikija, mwanaakiolojia aisome kabla ya nyundo kushuka. Ni suluhisho la kiutu uzima. Lakini kufikia wakati huo mchoro umeshakaza, na nguzo inayoweza kusogea mita 50 haiwezi kusogea kilomita mbili.

Wasomaji wa picha za sona huzipanga dalili kwa madaraja. Daraja la kwanza ni kitu ambacho bila shaka kimetengenezwa na binadamu na kina thamani ya kiakiolojia, mathalani mwili wa meli. La pili ni kile ambacho hakijulikani ni nini: kivuli cha mita nne, chuma kilichofukiwa, rundo ambalo laweza kuwa mzigo wa meli au mawe tu. La tatu ni rekodi ya zamani inayosema kuna kitu mahali fulani ingawa vyombo havikuona chochote. Daraja la kwanza hupewa eneo la marufuku, mara nyingi mita 50 au 100 kuzunguka ukingo wa mabaki. La pili, ambalo daima ndilo kubwa, huambiwa likwepwe ikiwezekana, na lisipokwepeka lichunguzwe.

Mita 50 au 100 zilitoka wapi? Ni mazoea yaliyopimwa kwa busara. Meli inapozama huvunjika, mizigo humwagika, mkondo husambaza vipande. Umbali unaotolewa ni makadirio ya msambao huo pamoja na nafasi ya usalama kwa nanga na mashine. Mwanaakiolojia mzuri habandiki duara moja kwa kila kitu. Huangalia mkondo unaelekea wapi na kunyoosha eneo upande ule. Ukiona ramani ya mradi yenye maduara yote sawasawa, ujue mtu alikuwa na haraka.

Nyambizi iliyopotea kwa miaka mia

Mfumo huu unapofanya kazi, hufanya kazi kweli. Tarehe 13 Januari 1915, nyambizi ya Ujerumani U-31 ilitoka bandari ya Wilhelmshaven ikiwa na watu 35. Haikurudi, na hakuna aliyejua ilikoishia. Mwaka 2012, makampuni ya ScottishPower Renewables na Vattenfall yakipima sakafu ya bahari kwa ajili ya mitambo ya upepo mashariki mwa Uingereza, sona ilionyesha umbo refu ambalo halikuwa kwenye ramani yoyote, karibu kilomita 90 kutoka pwani, kina cha mita 30 hivi. Wapigambizi walipoithibitisha mwaka 2015, U-31 ilikuwa imetimiza miaka 100 tangu kuzama. Karibu kwa hakika iligonga bomu la majini.

Upimaji huo ulikuta zaidi ya mabaki 60 ya meli, mengi yakiwa yanajulikana tayari. U-31 ilitambuliwa kuwa kaburi la kivita, haikuguswa, na mpango wa mitambo ukachorwa kuikwepa. Shamba la kwanza la eneo hilo, East Anglia ONE, lilikamilika mwaka 2020 likiwa na mitambo 102.

Fikiria ni nani mwingine angelipia kupima maelfu ya kilomita za mraba za bahari ili kumpata U-31. Hakuna chuo kikuu wala makumbusho yenye bajeti hiyo. Akiolojia ya Bahari ya Kaskazini imekuwa tegemezi wa sekta ya nishati, na hili si geni: ramani kubwa za kwanza za ardhi iliyozama zilichorwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham chini ya mwanaakiolojia Vincent Gaffney kwa kutumia data za mitetemo zilizokusanywa na wachunguzi wa mafuta na gesi.

Sheria zinasaidia kwa vipande. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 unahesabu kuwa urithi chochote chenye alama ya binadamu kilichokaa chini ya maji angalau miaka 100, na kifungu chake cha 5 kinazitaka nchi wanachama kutumia njia bora zilizo ndani ya uwezo wao kuzuia au kupunguza madhara ya shughuli ambazo hazilengi urithi lakini zinaweza kuugusa. Mitambo ya upepo inaingia humo moja kwa moja. Uingereza haijaridhia mkataba huo, ingawa inafuata kanuni za kiambatisho chake. Badala yake ina sheria zake, ikiwamo ya mwaka 1986 inayolinda masalia ya kijeshi. Chini ya sheria hiyo kila ndege ya kijeshi iliyoanguka inalindwa papo hapo, hata kama hakuna ajuaye ilipo. Kwa mkandarasi hili lina maana kubwa, kwani rubani wa mwaka 1940 bado hajafikisha miaka 100 ya UNESCO, ila tayari ana ulinzi wa Uingereza.

Na kile ambacho vyombo vyote vimekikosa? Hapo huingia utaratibu wa kuripoti. Crown Estate, taasisi inayosimamia sakafu ya bahari ya Uingereza, ilitoa mwongozo wake kwa sekta hii mwaka 2010: mfanyakazi akiona kitu kwenye jembe la kebo au kwenye ndoo ya mashine, anamwambia msimamizi, kazi ya pale inasimama kwa muda, picha zinatumwa kwa wanaakiolojia nchi kavu, jibu linarudi haraka. Utaratibu huu unategemea baharia aliyechoka, saa tisa usiku, atambue kwamba kipande cheusi cha mbao ni zaidi ya takataka. Wenye makampuni ya kuchimba kokoto baharini walitangulia kuuweka, mwaka 2005, na kwao umeleta vitu vingi.

Ardhi ambayo haina ukingo

Sasa tufike kwenye mgogoro wenyewe.

Mwaka 1931 meli ya uvuvi Colinda ilivuta nyavu zake mashariki mwa Norfolk, jimbo la pwani ya Uingereza, na kuinua bonge la udongo mweusi wa mboji. Nahodha alipolipiga kwa sepetu lilipasuka, na ndani kulikuwa na chusa la pembe ya kulungu, limechongwa meno upande mmoja. Halikudondoka kutoka kwenye mtumbwi. Mboji ile iliota juu ya nchi kavu, na chusa lilipimwa baadaye na kuonekana lina zaidi ya miaka 11,000. Wakati wa kilele cha zama za barafu, miaka 20,000 hivi iliyopita, usawa wa bahari ulikuwa chini kwa kadiri ya mita 120. Barafu iliporudi nyuma, na kabla bahari haijapanda tena, kati ya Uingereza na Denmark kulikuwa na mito, maziwa, vinamasi na watu. Mwaka 1998 mwanaakiolojia Bryony Coles aliipa nchi hiyo jina Doggerland, na Dogger Bank ya mitambo 277 ni mojawapo ya nyanda zake za juu.

Nasi tuna yetu, ya ukubwa mdogo zaidi. Mlango wa bahari kati ya Unguja na bara ni wa kina kifupi, na wakati ule ulikuwa nchi kavu. Pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, limetoa zana za watu walioishi humo maelfu ya miaka kabla ya Unguja kuwa kisiwa, pamoja na mifupa ya wanyama wa bara kama punda milia. Walikwenda kwa miguu. Njia waliyopita iko chini ya boti za Bagamoyo, na siku mtu akitaka kupitisha kebo au bomba hapo, swali la Doggerland litakuwa la kwetu. Pemba haimo katika hesabu hiyo, kwa kuwa mkondo wake na bara ni wa kina kirefu mno.

Tatizo la nchi iliyozama ni kwamba haiwezi kuzungushiwa duara. Meli ina ukingo. Bonde la mto lina kilomita 40. Huwezi kumwambia mhandisi alikwepe lote, na huwezi kusema kwa uhakika kwamba sehemu hii ya bonde ina kambi ya wawindaji na ile haina. Kinachofanyika ni kuoanisha picha za tabaka za udongo na sampuli zinazotolewa kwa bomba lenye upana wa sentimita chache, lililodidimizwa mita kadhaa. Sampuli hukatwa, chavua hupimwa, mboji hupimwa umri kwa kaboni. Unajua hapa palikuwa na msitu wa misonobari, kisha kinamasi, kisha maji ya chumvi. Unajua mandhari vizuri kabisa. Watu huwajui.

Nafasi ya bomba lenye upana wa kiganja kuangukia jiko la mawe la miaka 9,000 ni ndogo mno. Kwa hiyo tathmini inakuwa ya uwezekano: kingo za mito, fukwe za maziwa na midomo ya mito hupewa daraja la juu kwa kuwa ndipo watu hupenda kukaa, na nyanda zilizokwanguliwa na barafu hupewa la chini. Ni hoja ya akili, lakini ripoti huigeuza kirahisi kuwa neno "athari ndogo", na msomaji asiye mtaalamu huelewa kwamba hakuna kitu. Athari ndogo hapa humaanisha hatukupata, kwa chombo ambacho hakikutarajiwa kupata.

Mifano miwili inatosha kuonyesha hatari hiyo. Mwanzoni mwa 2008 mkusanyaji mmoja wa Kiholanzi alikuta mashoka ya mawe 28 kwenye lundo la kokoto zilizochimbwa baharini, eneo namba 240, jirani na Great Yarmouth, pamoja na mifupa na meno ya mamalia wakubwa. Eneo hilo lilikuwa na leseni na tathmini. Mashoka hayo yana zaidi ya miaka 200,000, ya watu waliotangulia Doggerland kwa mbali, na uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba kuna vifaa ambavyo bahari haikuvisogeza mbali. Mfano wa pili ni wa Baltiki. Mwaka 2021 watafiti na wanafunzi kutoka Kiel, Ujerumani, wakiwa kwenye safari ya mafunzo, walikuta kwenye Ghuba ya Mecklenburg ukuta wa mawe wenye urefu wa mita 971, mawe 1,673, kwenye kina cha mita 21. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024. Ukuta huo huenda ulitumika kuwaelekeza kulungu kwenye mtego miaka 10,000 na zaidi iliyopita. Karibu kilomita nzima, juu ya sakafu, kwenye bahari inayopitiwa na meli kila siku. Je, kama ungekuwa umefunikwa na mita moja ya tope?

Kukwepa si kujua

Kanuni kuu ya tathmini zote hizi ni kukwepa kwanza. Acha kitu kilipo, usikichimbe, kizazi kijacho chenye vyombo bora kitachimba. Naikubali kanuni hiyo kwa U-31. Kwa mandhari iliyozama naitilia shaka. Kukwepa hakugharimu kampuni chochote zaidi ya mchoro mpya, wala hakuleti maarifa. Ripoti inafungwa, nguzo inasogea mita 60, na kivuli cha daraja la pili kinabaki kivuli. Miradi 20 ikifanya hivyo, tuna maelfu ya vivuli na hatujui hata kimoja ni nini.

Linganisha na kinachotokea kebo ikifika nchi kavu. Huko mtu hawezi kukwepa daima, hivyo huchimba. Njia ya kebo ya East Anglia ONE, yenye kilomita 37 kupitia Suffolk, ilifunua karibu na Woodbridge njia ya mbao ya miaka 4,300 iliyojengwa juu ya chemchemi, mbao zake zikiwa na alama za shoka, na pamoja nazo fuvu la ng'ombe mwitu wa kale. Mradi ule ule, kampuni ile ile. Upande wa nchi kavu tumepata historia, upande wa bahari tumepata orodha ya maduara.

Kuna jambo ambalo vyombo havigusi kabisa, nalo lilijitokeza Marekani. Mradi wa Cape Wind ulitaka kuweka mitambo 130 katika Nantucket Sound, Massachusetts. Makabila ya Wampanoag, wa Mashpee na wa Aquinnah, yalipinga kwa sababu mbili: ibada zao zinahitaji kulitazama jua likichomoza baharini bila kizuizi, na chini ya maji yale ni ardhi walikoishi na kuzikwa mababu zao. Januari 2010 ofisi ya shirikisho inayotunza rejista ya maeneo ya kihistoria ilikubali kwamba bahari ile inastahili kuingia kwenye rejista kama mahali pa kitamaduni. Serikali iliidhinisha mradi miezi michache baadaye, na mwaka 2017 mradi wenyewe ukafa baada ya misukosuko mingi ya kisheria na kifedha. Miradi iliyofuata Marekani imelazimika kuzitaja ardhi zilizozama na kuzikwepa inapowezekana, makabila yakiwa yanakaa mezani. Mzungu wa Norfolk hana kabila la kusema Doggerland ni ya babu yake, na nadhani hilo linaeleza kwa nini huko jambo hili limeachiwa wataalamu.

Ugumu mwingine ni jumla. Kila mradi hujitathmini peke yake, na kila mmoja, kwa haki kabisa, huona kwamba unakata sehemu ndogo ya bonde la kale. Bonde halijui mipaka ya leseni. Ili kuona jumla inabidi data za makampuni yote zikae mahali pamoja na mtu azisome pamoja. Crown Estate ina hifadhi ya data ya bahari, na makampuni yanayokodi sakafu yake yanatakiwa kupeleka humo walichokusanya, ingawa data za kibiashara huweza kufungwa kwa muda. Ni hatua ya maana kuliko maduara yote. Bado kuna kazi ya kumlipa mtu wa kuzisoma, na katika bajeti za miradi mstari huo huwa mfupi.

Wakati huo huo teknolojia inakimbia kuelekea kina kirefu. Hywind Scotland, ya mwaka 2017 karibu na Peterhead, ina mitambo mitano inayoelea kwenye maji ya kina cha takriban mita 100, kila mmoja ukishikwa kwa minyororo mitatu. Hakuna nguzo inayopigiliwa. Lakini sehemu ya mnyororo hulala sakafuni, na mtambo unapoyumba kwa mawimbi, mnyororo huinuka, hushuka na kujikokota. Huko chini kuna mabaki ambayo wapigambizi wa kawaida hawafiki, na mengi yamehifadhika vizuri kwa sababu hiyo. Kinachopaswa kuchorwa kwenye ramani si nukta ya nanga tena, ila eneo lote ambalo mnyororo unaweza kulifagia katika dhoruba kubwa kuliko zote inayotarajiwa, pande zote tatu za kila mtambo.